Chumvi, mchanga, unga wa chuma na kafuri: nianze na kipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza, naishi Tanga. Njia za kutenganisha michanganyiko nimezikariri zote. Lakini kwenye jaribio tulipewa chumvi, mchanga, unga wa chuma na kafuri vikiwa vimechanganywa pamoja, tukaambiwa tueleze hatua za kuvitenganisha. Mimi nikaanza kwa kutia maji, nikapata alama mbili kati ya kumi. Mtu anajuaje njia ya kuanzia? Halafu kuna jambo jingine linanisumbua: maji ya bahari nimeyachuja kwa kitambaa, nikayachuja tena kwa karatasi ya kuchujia, na bado ni ya chumvi vilevile. Kwa nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitayajibu maswali yako yote mawili kwa pamoja kwa sababu jibu lake ni moja. Njia ya kutenganisha haitoki kwenye orodha uliyoikariri, inatoka kwenye vitu vyenyewe. Kabla hujaandika "chuja" au "vukiza", kichukue kila kitu kilichomo ndani ya mchanganyiko ukihoji. Kinavutwa na sumaku? Kinayeyuka kwenye maji? Kikipata joto kinakuwaje? Chembe zake ni kubwa au ndogo, nzito au nyepesi kuliko za wenzake? Ukikuta swali ambalo kitu kimoja kinajibu "ndiyo" na vingine vyote "hapana", hapo umepata pa kuanzia.

Mahojiano haya yanawezekana kwa sababu kwenye mchanganyiko kila kitu kinabaki na tabia zake. Unga wa chuma uliochanganywa na unga wa salfa bado unavutwa na sumaku, na salfa bado ni ya njano. Vipashe moto sana mpaka viungane, utapata kitu cheusi ambacho hakina rangi ya salfa wala hakivutwi kama chuma. Hicho sasa ni kampaundi, na sumaku haitakusaidia tena.

Turudi kwenye jaribio lako. Kati ya vitu vinne, kinachovutwa na sumaku ni chuma peke yake. Kafuri ndiyo pekee ambayo ikipata joto kidogo inakuwa mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye hali ya majimaji. Ndiyo maana kipande cha kafuri kikiachwa wazi kabatini hupungua siku hadi siku na hakiachi unyevu wowote. Kinachoyeyuka vizuri kwenye maji ni chumvi. Mchanga hauna la kujivunia: hauvutwi, hauyeyuki, haugeuki mvuke. Basi huo utabaki mwishoni wenyewe.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: sumaku kwanza, halafu joto la kutoa kafuri, halafu maji ya kuyeyusha chumvi, halafu kuchuja, na mwisho kuvukiza maji ili chumvi ibaki. Swali zuri ni kwa nini usianze na maji kama ulivyofanya. Ungefika, lakini kwa taabu. Chuma kikilowa kinashikamana na mchanga na kinaanza kupata kutu, hasa maji yakiwa ya chumvi, na kutu si chuma tena. Umeshakibadilisha kitu ulichotakiwa kukirudisha kama kilivyokuwa. Kafuri nayo haiyeyuki kwenye maji ila kidogo mno, kwa hiyo ingebaki juu ya karatasi pamoja na mchanga uliolowa, na ungelazimika kuukausha mchanga kwa joto, na joto hilohilo lingeondoka na kafuri yako. Anza na hatua ambayo haivigusi vitu vingine. Sumaku hailoweshi, haichomi, haiyeyushi, ndiyo maana karibu kila mara inatangulia.

Sasa utendaji, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza alama hata wakiwa na mpangilio sahihi. Usiitie sumaku tupu ndani ya mchanganyiko. Ifunike kwa karatasi au mfuko mwembamba wa nailoni, ndipo uipitishe juu ya mchanganyiko uliotandazwa. Chuma kitaganda nje ya karatasi. Ihamishie sumaku juu ya sahani nyingine, ivute itoke ndani ya karatasi, na chuma chote kitadondoka. Ukitumia sumaku tupu utakaa nusu saa unakwangua vumbi la chuma kwa kucha. Rudia mpaka sumaku itoke bila kitu, kwa kuwa mara ya kwanza chuma hubeba pia punje za mchanga na chumvi zilizonaswa katikati yake. Hicho chuma nacho kitandaze ukivute upya.

Kwa kafuri, weka kilichobaki kwenye bakuli la kaure, funika kwa faneli iliyogeuzwa mdomo chini, na uzibe shingo yake kwa pamba bila kukaza. Liweke bakuli juu ya maji yanayochemka, usilipeleke kwenye mwali, kwa sababu mvuke wa kafuri unashika moto kwa urahisi. Baada ya muda utaona ndani ya faneli kuna fuwele nyeupe zinazong'aa, zimejishikiza kwenye kuta za baridi. Hiyo ndiyo kafuri yako, na utaikwangua faneli ikishapoa.

Kwenye hatua ya maji kuna hesabu ndogo ambayo walimu hatuisemi vya kutosha. Mililita 100 za maji kwenye joto la kawaida huyeyusha takriban gramu 36 za chumvi, si zaidi. Kama una gramu 10 za chumvi, mililita 28 hivi zingetosha kabisa. Tia 40 au 50 uwe na nafasi. Ukitia lita nzima chumvi itayeyuka, ni kweli, lakini utaivukiza lita nzima mpaka jioni. Na baada ya kuchuja, mchanga uliobaki kwenye karatasi bado umelowa maji ya chumvi. Umwagie maji safi kidogo, mara mbili au tatu, na maji hayo yaungane na yale ya kwanza. Hatua hii fupi ya kusuuza ndiyo inayotofautisha aliyetenganisha na aliyekaribia kutenganisha. Wakati wa kuvukiza, chumvi ikianza kuonekana punguza moto, maana maji yakikaribia kwisha chumvi huruka nje ya bakuli. Malizia juu ya mvuke wa maji yanayochemka.

Nije kwenye maji ya bahari. Karatasi ya kuchujia ina matundu madogo sana, kwa ile ya kawaida ya maabara ni kama mikromita 11, yaani sehemu 11 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Mchanga na matope mazito hayapiti. Lakini chumvi ikiyeyuka haibaki kuwa punje. Inavunjika kuwa ayoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, za sodiamu na za klorini, kila moja imezungukwa na molekuli za maji, na upana wake haufiki hata nanomita moja, yaani milimita iliyogawanywa mara milioni. Tundu la karatasi ni zaidi ya mara elfu kumi ya upana huo. Ndiyo maana kuchuja mara kumi ni sawa na kuchuja mara moja. Maswali ya mahojiano yangekuambia hili mapema: kuchuja kunatenganisha vitu kwa ukubwa wa chembe, na hapa hakuna chembe iliyo kubwa ya kunaswa. Mitambo ya kusafisha maji ya bahari kule nchi za Ghuba ambayo kweli inachuja chumvi hutumia utando wa aina nyingine kabisa, na inabidi maji yasukumwe kwa shinikizo kubwa mno ndipo yapite.

Kwa kuwa unaishi Tanga, nenda siku moja kwenye mashamba ya chumvi ya huko kwenu. Mwambao wote una mabwawa ya namna hiyo, Bagamoyo, Lindi, Mtwara, hata Gongoni na Ngomeni upande wa Kenya. Utaona kwamba maji hayakai bwawa moja mpaka yakauke. Yanahamishwa kutoka bwawa hadi bwawa. Sababu yake ni kemia safi. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvichumvi, na chumvi ya mezani ni zaidi ya robo tatu yake, si yote. Jua likivukiza maji, kinachotangulia kutuama ni kalsiamu kaboneti, ndiyo chaki. Maji yakibaki kama sehemu ya tano ya yalivyokuwa, jasi inaanza kutuama. Yakifika karibu sehemu ya kumi ndipo chumvi tunayokula inaanza kujitokeza. Kwa hiyo chaki na jasi zinaachwa kwenye mabwawa ya mwanzo, na maji mazito yanapelekwa kwenye bwawa la kuvunia. Hata hapo hayakaushwi kabisa. Yale yanayobaki mwishoni yana magnesiamu nyingi, ni machungu ulimini, nayo humwagwa. Ukichukua ndoo ya maji ya bahari ukaichemsha nyumbani mpaka ikauke kabisa utapata unga mweupe wenye uchungu unaoloa wenyewe ukiwa wazi, kwa sababu kloridi ya magnesiamu inavuta unyevu wa hewani. Umeondoa maji, lakini chumvi zenyewe hujazitenganisha. Mvuna chumvi kwa jua peke yake anatenganisha vitu vinne, na anajua kwa macho na kwa ulimi wakati wa kufungulia maji.

Hapo kuna tofauti ambayo mitihani hupenda kuiuliza. Chumvi ya mezani uyeyushaji wake karibu haubadiliki kwa joto: maji ya moto yanayochemka hupokea kama gramu 39 tu kwa mililita 100, kidogo juu ya zile 36. Kwa hiyo ukiipoza haitoki. Lazima uondoe maji. Lakini mrututu, ile salfeti ya shaba ya bluu ambayo wakulima wa kahawa wanaifahamu, huyeyuka kwa wingi kwenye maji ya moto na kwa uchache kwenye ya baridi. Huo vukiza mpaka maji yashibe, kisha uache upoe taratibu, na fuwele za bluu zitajijenga zenyewe. Ukiukausha motoni kama chumvi, fuwele zinapoteza maji yaliyomo ndani yake na bluu yote inageuka weupe.

Mpaka hapa tumekuwa tukiyatupa maji hewani. Ukiyahitaji maji, au ukiwa na vimiminika viwili vilivyochanganyika, unakeneka: unachemsha, unaupitisha mvuke kwenye bomba la kupozea, unakinga matone. Mambo matatu ya kukumbuka kwenye kifaa chenyewe. Maji ya baridi yanaingia upande wa chini wa bomba na kutokea juu, ili bomba lijae muda wote. Balbu ya kipimajoto, ile ncha yake ya chini, inakaa usawa wa mdomo mvuke unapotokea, haizamishwi kwenye kimiminika, kwani unachopima ni joto la mvuke unaotoka. Na tia vipande vichache vya kigae ndani ya chupa ili kimiminika kisichemke kwa kishindo.

Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, na wengi hudhani basi ethanoli yote itatoka kwanza kisha maji. Haiwi hivyo. Tangu tone la kwanza mvuke una vyote viwili, ila ethanoli ni nyingi zaidi. Ukikeneka tena na tena unaongeza kiwango chake, lakini ukifika kama asilimia 95 au 96 unakwama, kwa sababu hapo mvuke una uwiano uleule na kimiminika chenyewe. Maji yaliyobaki yataondolewa na kitu cha kuyafyonza, kama chokaa ambayo haijazimwa. Nakusihi usije ukalijaribu hili kwa pombe nyumbani. Mvuke wake unalipuka moto, kupika gongo ni kosa la jinai, na methanoli ambayo inapofusha na kuua huchemka kwenye nyuzi 65, karibu mno na ethanoli kiasi kwamba sufuria na bomba haviwezi kuzitenganisha.

Mfano wa ukenekaji ninaoupenda kuliko yote uko Pemba. Kule Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachotoa mafuta ya karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Kitu kikuu ndani ya mafuta hayo ni eujenoli, na eujenoli huchemka karibu na nyuzi 254. Ukiyapasha makonyo makavu mpaka joto hilo utayaunguza, na mafuta yataharibika kabla hujayapata. Wanachofanya ni kupitisha mvuke wa maji katikati ya makonyo, na mafuta yanatoka chini kidogo ya nyuzi 100.

Inawezekanaje kitu cha nyuzi 254 kitoke kabla ya 100? Kimiminika huchemka pale shinikizo la mvuke wake linapolingana na shinikizo la hewa. Maji na mafuta ya karafuu hayachanganyiki, kwa hiyo kila kimoja kinatoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na mashinikizo hayo mawili yanajumlishwa. Maji yanatoa sehemu kubwa sana, mafuta yanatoa sehemu ndogo, lakini jumla yake inafikia shinikizo la hewa kabla maji hayajafika 100. Basi mvuke unapopanda unayabeba mafuta kidogokidogo, wala hayajawahi kuliona joto la kuyaunguza. Huu ni ustadi wa kutenganisha bila kudhuru, na unafanyika kisiwani kwetu kwa kitu ambacho zamani kingeweza kutupwa.

Ukikinga kinachotoka kwenye bomba la kupozea utaona tabaka mbili, na hapa mwanafunzi aliyekariri kwamba mafuta huelea juu ya maji ataumbuka. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Yanazama. Mafuta ya mkaratusi au ya mchaichai yanaelea, ya karafuu yanakaa chini. Ukiyatia kwenye faneli ya kutenganishia, ile yenye koki chini, kinachotoka kwanza ukifungua koki ni mafuta. Funga koki pale mpaka kati ya tabaka mbili unapoifikia, na usisahau kutoa kizibo cha juu kabla ya kufungua, la sivyo hewa haiingii na kimiminika hakishuki.

Matope nayataja kwa ufupi, kwa kuwa umesema ulichuja maji kwa kitambaa. Chembe laini za udongo hupita kwenye kitambaa na haziko tayari kutuama, kwa sababu zina chaji hasi zinazozifanya zisukumane. Shabu ikiyeyuka inatoa ayoni za alumini zenye chaji chanya. Chembe zinapoteza msukumano, zinakusanyika madonge, zinazama, nawe unamimina maji ya juu polepole. Maji kuwa maangavu si usalama, lakini. Vijidudu unavimaliza kwa kuchemsha.

Na vitu vinavyofanana karibu kila tabia, kama rangi mbili ndani ya wino mmoja? Hapo ni kromatografia. Mwanabotania wa Urusi, Mikhail Tsvet, ndiye aliyeielezea mwaka 1906 alipotenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha kwenye chaki. Wewe unahitaji ukanda wa karatasi ya kuchujia, bilauri ya maji, na maka peni nyeusi ambayo wino wake hutoka kwa maji. Chora mstari wa penseli sentimita mbili kutoka chini, si wa kalamu ya wino, maana wino wa mstari nao utapanda. Weka nukta moja ndogo juu ya mstari, acha ikauke, kisha simamisha ukanda maji yakiwa chini ya nukta. Maji yakipanda, kila rangi inakwenda kwa mwendo wake kulingana na jinsi inavyopenda maji au kung'ang'ania karatasi, na ule weusi unaweza kuachana ukawa bluu, nyekundu na njano.

Namna ya kuhakiki kazi yako: kitu safi huchemka kwenye kiwango kimoja kisichoyumba. Maji uliyoyakeneka hapo Tanga, usawa wa bahari, yachemke kwenye 100 na kipimajoto kitulie. Ndugu yako wa Nairobi atapata kama 94 kwa maji safi yaleyale, kwa kuwa mji uko juu na hewa ni nyepesi, kwa hiyo asidhani amekosea.

Nakuachia mchanganyiko mmoja wa kujipima: unga wa chuma, mchanga na mrututu. Unafanana na ule wa jaribio lako, lakini ukianza na maji safari hii hutapata kutu tu. Chuma kitasukuma shaba kutoka kwenye mrututu, bluu itafifia kuwa kijani hafifu, na vumbi jekundu la shaba litaganda juu ya chuma. Vitu viwili kati ya vitatu havipo tena. Toa chuma kwa sumaku vitu vyote vikiwa vikavu kabisa, yeyusha mrututu kwa maji ya moto kidogo, chuja yangali moto, suuza mchanga, vukiza mpaka ukichovya kijiti cha kioo na kukitoa fuwele zianze kuonekana juu yake, kisha zima moto na uache bakuli lipoe mpaka kesho. Fuwele zikaushe katikati ya karatasi mbili za kuchujia.